Maikrokontrola inafanyaje kazi: mwongozo kamili, kuanzia rimoti ya TV mpaka taa inayojiwasha yenyewe

Kabla hatujaongea chochote chukua rimoti ya TV, fungua kamera ya simu, elekeza ile ncha ya rimoti yenye kitaa kidogo kwenye kamera halafu bonyeza kitufe chochote uangalie kwenye skrini. Utaona kitaa kinamulika rangi ya zambarau au nyeupe hivi, wakati kwa macho ya kawaida huoni kitu kabisa. Kamera ya nyuma isipoonesha jaribu ya selfi, maana kamera nyingi za nyuma zimewekewa kichujio kinachokata huo mwanga. Sasa hicho ulichokiona ndo maikrokontrola, yaani chipu ndogo inayoendesha kifaa, inaongea, na mi huwa napenda mtu aanzie hapo kwa sababu rimoti ndo kifaa kidogo kuliko vyote nyumbani ambacho kina kila kitu tunachotaka kukielewa.

Ndani ya rimoti kuna chipu moja tu ya maana. Muda mwingi wa maisha yake imelala, inakula umeme mdogo mno, ndo maana betri mbili zinakaa hata mwaka. Ukibonyeza kitufe inaamka, inatafuta ni kitufe gani kimebonyezwa, inatuma ujumbe, inalala tena. Vitufe vyenyewe havijaungwa kila kimoja na waya wake, vimepangwa kama nyavu, safu kwa mistari, kwa hiyo vitufe 40 vinatosha kusomwa na miguu 13 tu ya chipu (vile vyuma vidogo vya pembeni), 8 upande mmoja na 5 upande mwingine. Na kile kitaa hakiwaki na kuzima hovyo, kinapepesa mara 38,000 kwa sekunde kwa kipande kifupi halafu kinanyamaza kidogo, kinapepesa tena, kinanyamaza. Kwenye mfumo wa NEC ambao unatumika sana, ukimya mfupi wa kama maikrosekunde 560 maana yake ni 0, na ukimya mrefu wa kama 1,690 ni 1, na ujumbe mzima una biti 32, yaani 0 na 1 thelathini na mbili zilizofuatana. Hiyo 38,000 imewekwa ili TV isichanganye rimoti na mwanga wa jua au wa balbu, maana jua halipepesi hivyo.

Kwa hiyo kazi yote ni kusoma, kuamua, kutenda, na kurudia. Shika hayo maneno manne, kila kifaa nitakachokitaja hapa chini ni hayo hayo tu.

Hatua ya 1: tofautisha maikrokontrola na kompyuta

Watu wengi wanachanganya hapa. Prosesa ya kompyuta ina nguvu sana lakini peke yake haifanyi lolote, inahitaji memori nje, diski nje, na chipu nyingine kibao za kuisaidia kuongea na dunia. Maikrokontrola ni kinyume, ni dhaifu lakini imejitosheleza, ndani ya chipu moja kuna prosesa, kuna memori ya kufanyia kazi, kuna sehemu ya kuhifadhi programu, na kuna miguu inayogusa dunia moja kwa moja.

Udhaifu wenyewe ni wa kuchekesha ukiuangalia kwa namba. ATmega328P, ile chipu iliyo kwenye Arduino Uno R3, bodi ndogo ya kujifunzia, ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za memori ya kufanyia kazi. Picha moja uliyopiga na simu haiingii humo hata robo. Lakini inapiga mapigo milioni 16 kwa sekunde, na amri nyingi inazimaliza kwa pigo moja. Ukibonyeza kitufe kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, ambayo kwako ni kugusa na kuachia, yenyewe imeshapiga mapigo milioni 1.6. Yaani wewe ni taratibu mno kwake, na hiyo ndo siri ya kwa nini kachipu dhaifu kanaonekana kama kanafanya mambo kumi kwa wakati mmoja, hakafanyi, kanayapitia moja moja kwa haraka.

Na sio teknolojia ya jana. Texas Instruments walianza kuuza TMS1000 mwaka 1974, ilikuwa ya biti 4 na kilobaiti 1 ya programu. Intel wakatoa 8051 mwaka 1980, na chipu za ukoo wa 8051 zinatengenezwa mpaka leo. Kifaa cha kupimia joto hakihitaji chipu ya kisasa, kinahitaji ya bei rahisi isiyosumbua.

Hatua ya 2: jua vilivyomo ndani

Flashi ndo inakaa programu, na umeme ukikatika haipotei. RAM ndo inashika mambo ya sasa hivi, mfano joto la maji ni ngapi, umebakiza dakika ngapi, na hii umeme ukikatika inafutika yote. Halafu kuna EEPROM, kidogo tu, ya kutunza vitu vya kukumbuka hata umeme ukizimwa, mfano mashine ya kufua inayoendelea ilipoishia baada ya umeme kurudi, lazima kuna mahali iliandika ilipofikia. Angalizo, EEPROM ya ATmega328P imeahidiwa kuandikwa mara 100,000 na flashi mara 10,000, kwa hiyo usije ukaandika kodi (mistari ya programu) inayosevu kila sekunde, ndani ya siku moja na kidogo utakuwa umeshamaliza ahadi yote.

Miguu ni sehemu ninayoipenda zaidi kwa sababu ndo pale programu inageuka kuwa umeme. Ndani ya chipu kila mguu una biti yake kwenye anwani fulani ya memori. Programu ikiandika 1 kwenye ile biti, mguu unatoa voltu 5, ikiandika 0 mguu unashuka mpaka 0. Hamna uchawi zaidi ya hapo. Mguu ukiwekwa wa kusoma ni kinyume chake, voltu iliyopo nje inageuka kuwa 1 au 0 ndani.

Kuna miguu mingine inasoma kiasi, sio ndio na hapana tu. Hiyo inapitia kigeuzi kinachoitwa ADC. Kwenye Uno inakata voltu 5 vipande 1,024, kwa hiyo unapata namba kuanzia 0 mpaka 1023 na kila hatua ni kama milivolti 4.9. Joto, mwanga, uzito, vyote vinaingilia mlango huu, mradi uwe na sensa inayobadilisha hicho kitu kuwa voltu.

Kuna taima, zinahesabu mapigo zenyewe wakati prosesa inafanya mengine. Na kuna taima moja ya pekee, mlinzi. Programu nzima inatakiwa impigie hodi kila baada ya muda mfupi, isipopiga hodi anajua imekwama na anaiwasha upya. Fikiria chipu iliyofungwa ndani ya friji miaka kumi, hakuna mtu wa kuja kuibonyeza riseti, lazima ijiokoe yenyewe.

Hatua ya 3: zitafute kwenye vifaa ulivyonavyo

Mashine ya kufua ni darasa zima. Inasoma kina cha maji kwa sensa ya mgandamizo, inasoma joto kwa kirezista kinachobadilika na joto, inasoma kasi ya mota, inasoma kama mlango umefungwa. Inaamua. Halafu inafungua valvu ya maji, inawasha hita, inazungusha mota kushoto na kulia, inawasha pampu. Ule wakati unaiona imetulia tu huku haifanyi kitu na wewe umeshaanza kuwaza fundi, mara nyingi inasubiri namba fulani ifike, maji yafike kina au joto lifike. Ikisubiri sana kuliko kawaida inatoa namba ya kosa kwenye skrini.

Friji ya kisasa nayo ina tabia moja inayowachanganya watu. Umeme unarudi, taa ya ndani inawaka, lakini compressor haiungurumi. Watu wanadhani imekufa. Kumbe programu imeiambia isubiri dakika kadhaa kwanza, maana compressor ikiwashwa gesi bado ina mgandamizo mkubwa upande mmoja inapata shida kuanza na inaweza kuungua. Ni mistari michache tu ya kodi, lakini inalinda sehemu ya gharama kuliko zote.

Maikrowevu ina jambo la kujifunza pia. Mlango ukifunguka mawimbi yanakata, na hilo halikuachiwa programu peke yake, kuna swichi za kawaida kabisa za chuma zinazokata umeme hata chipu ikiwa imechanganyikiwa. Ukitengeneza kitu chochote kinachoweza kumuumiza mtu fuata huo mfano, usiweke usalama wote kwenye kodi.

Kibodi ya kompyuta inayo (nyavu ile ile ya rimoti), mausi inayo, kipima shinikizo la damu kinacho, balbu ya waifai inayo. Gari la kisasa lina makumi, ya injini, ya breki, ya vioo, ya mifuko ya hewa, na nyingi zinaongea zenyewe kwa zenyewe kupitia waya mbili za mfumo wa CAN ambao Bosch waliutambulisha mwaka 1986.

Ukitaka kuiona kwa macho fungua kifaa kilichokufa, kilichochomolewa umeme, cha betri ni bora zaidi. MAIKROWEVU USIFUNGUE, ina kapasita inayoweza kushika umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Tafuta chipu nyeusi yenye miguu mingi, mara nyingi karibu yake kuna kikopo kidogo cha chuma kinachong'aa, hicho ni kristali ya mapigo. Andika namba iliyo mgongoni uitafute mtandaoni. Kwenye vitu vya bei rahisi kama midoli hutaona chipu, utaona tone jeusi la gundi ngumu, chipu iko chini yake na hapo huna cha kusoma.

Hatua ya 4: chagua bodi

Sitakaa sana hapa. Kwa kuanzia chukua Arduino Uno R3 au nakala yake, inatumia voltu 5, inavumilia makosa, na ikiungua kwenye zenye chipu kubwa ya kuchomoa unabadilisha chipu tu. ESP32 ni nzuri sana ukitaka waifai, ina viini viwili na kasi ya megahezi 240, ila ni ya voltu 3.3 na ukiingiza 5 kwenye miguu yake unaweza kuiua. Raspberry Pi Pico iliyotoka 2021 nayo ni ya 3.3. Nyaya ya USB, hakikisha ni ya data, nyaya nyingi za kuchajia hazina waya za data ndani na mtu anashinda siku nzima anasakinisha dreva bure, mi nimeshashinda hivyo.

Hatua ya 5: washa taa moja, lakini jua kwa nini haiungui

Taa ya LED nyekundu inakula kama voltu 2. Mguu unatoa 5. Zinabaki 3 ambazo lazima zimalizwe na kitu, hicho kitu ni rezista. Ukitaka miliampea 15 zipite gawanya 3 kwa 0.015 unapata omu 200, chukua ya 220 ndo inapatikana kirahisi. Bila rezista taa inavuta itakavyo, na mguu wa ATmega328P mwisho wake kabisa ni miliampea 40, salama ni 20. Taa inaweza kuwaka vizuri tu siku hiyo ukajisifu, halafu baada ya muda mguu ule ukafa kimya kimya na miguu mingine ikaendelea kufanya kazi, hapo ndo utatafuta kosa kwenye kodi usiku kucha.

Mguu mrefu wa LED ni chanya, unaenda kwenye rezista na mguu wa bodi, mfupi unaenda GND, yaani upande wa voltu 0.

Hatua ya 6: kitufe, ambacho ni kigumu kuliko unavyodhani

Ukiunga kitufe kati ya mguu na GND basi, ukasoma, utaona namba zinacheza zenyewe 0 na 1 hata hujagusa. Sababu ni kwamba kitufe kikiwa wazi mguu haujaungwa na chochote, unaelea, unaokota kelele za hewani kama antena. Dawa ni rezista inayouvuta juu mpaka 5 wakati hakuna anayebonyeza. Chipu inayo tayari ndani, unaiwasha kwa kuandika INPUT_PULLUP badala ya INPUT. Baada ya hapo kumbuka mambo yamegeuka, kubonyeza ni 0 na kuachia ni 1.

Tatizo la pili ni kudunda. Vyuma viwili vikigusana havigusani mara moja, vinadundadunda kwa milisekunde chache kama mpira, na chipu ina kasi ya kuiona kila mdundo, kwa hiyo umebonyeza mara moja yenyewe imehesabu mara saba. Ukiona mabadiliko subiri kama milisekunde 30 halafu soma tena, ikiwa bado ni ile ile basi kweli kabonyeza.

Hatua ya 7: taa inayojiwasha giza likiingia

Sasa tunaunganisha yote. Chukua LDR, ile sensa ya mwanga yenye michoro ya nyoka juu yake, ni rezista ambayo ukiimulika inapungua ukinzani. Upande mmoja unga kwenye 5V, upande wa pili kwenye mguu A0 (mmoja wa ile inayosoma kiasi), na kutoka A0 hiyo hiyo weka rezista ya kiloomu 10 kwenda GND. Mwanga ukiwa mwingi namba inapanda, giza likija inashuka. LED na rezista yake ziko mguu namba 8.

const int mguuTaa = 8;
const int giza = 300;
const int mwangaza = 450;

void setup() {
  pinMode(mguuTaa, OUTPUT);
  Serial.begin(9600);
}

void loop() {
  int kiasi = analogRead(A0);
  Serial.println(kiasi);
  if (kiasi < giza) digitalWrite(mguuTaa, HIGH);
  if (kiasi > mwangaza) digitalWrite(mguuTaa, LOW);
  delay(200);
}

Kile kipande cha setup kinapita mara moja tu umeme ukiingia, cha loop kinarudia milele mpaka uchomoe. Ipakie kwenye bodi kwa kutumia Arduino IDE, ile programu ya kompyuta ya kuandikia kodi, fungua dirisha la kusoma namba (Serial Monitor), funika sensa kwa mkono uone inashuka mpaka ngapi na ukiachia inapanda mpaka ngapi, halafu badilisha 300 na 450 ziendane na chumba chako.

Kwa nini namba mbili na sio moja? Jaribu kuweka moja, 400 kwa zote mbili, utaona. Jioni mwanga unashuka polepole na namba inacheza 399, 401, 400, 398, na taa inapepesa kama imepagawa. Ukiweka pengo, ikishawaka haizimi mpaka mwanga uongezeke kweli kweli. Friji na pasi ni hivyo hivyo, haviwaki na kuzima kwenye joto lile lile, vina pengo. Na usiiweke sensa mahali taa yenyewe itaimulika, itajizima, itaona giza, itajiwasha, mpaka asubuhi.

Hatua ya 8: acha kutumia delay ukishazoea

Delay ya milisekunde 200 hapo juu haina madhara, lakini ukiandika delay ya sekunde 10 chipu inasimama inaangalia ukuta kwa sekunde 10, kitufe kikibonyezwa haikioni. Mashine ya kufua ingeandikwa hivyo usingeweza kuisimamisha. Njia nzuri ni kuangalia saa, millis inakupa milisekunde tangu umeme uingie, unakumbuka ulifanya kitu saa ngapi halafu kila ukipita unauliza je muda umetimia, kama bado unaendelea na mengine.

Kuna mtego, millis inajaa na kurudi 0 baada ya siku 49.7 hivi. Ukiandika kwa kutoa, yaani sasa toa zamani ni kubwa kuliko muda, na vyote ukavitangaza kuwa unsigned long (namba kubwa isiyo na hasi), hesabu inabaki sahihi hata ikirudi 0. Ukiandika kwa kujumlisha, kifaa kitafanya kazi mwezi na nusu vizuri halafu siku moja kitagoma, na hakuna kosa baya kama linalotokea baada ya siku 49 maana hakuna mtu anayejaribu kitu kwa siku 49.

Hatua ya 9: kuendesha vitu vikubwa

Relei ni swichi inayoendeshwa na umeme, na ndogo ya voltu 5 inavuta kama miliampea 70, mguu unatoa 20, kwa hiyo usiiunge moja kwa moja. Weka transista katikati, yaani swichi ya miguu mitatu (besi, kolekta na emita) inayoamriwa na umeme mdogo, 2N2222 inatosha, mguu wa chipu unapitia rezista ya kiloomu 1 kwenda kwenye besi, na koili ya relei inakaa kati ya 5V na kolekta, emita inaenda GND. Halafu diodi ya 1N4007, ambayo inapitisha umeme upande mmoja tu, kati ya ncha mbili za koili, mstari wake mweupe upande wa chanya. Diodi hii watu wanaiona kama pambo, sio pambo, koili ukiikatia umeme ghafla inatupa voltu nyingi kinyume na hizo ndo zinaua transista. Mota nazo ni hivyo hivyo. Umeme wa ukutani kama hujazoea nunua moduli ya relei iliyofunikwa na uombe anayejua akae pembeni.

Hatua ya 10: ikigoma

Anza na umeme, sio kodi. Pima voltu kwenye miguu ya chipu yenyewe, sio kwenye betri. Kama una vyanzo viwili vya umeme, mfano bodi kwa USB na mota kwa betri, lazima GND zao ziungwe pamoja, bila hivyo chipu na transista hazikubaliani 0 ni ipi. Ikijiriseti kila mota inapowaka maana yake voltu inadondoka, tenganisha umeme wa mota. Na kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya umeme ya chipu usiache, inamaliza vituko vingi visivyoelezeka.

Mwisho, ukitaka ile taa iendeshwe na betri, bodi ya Uno haifai. Yenyewe inakula karibu miliampea 50, na hata ukiilaza chipu sehemu kubwa inabaki, kwa sababu kirekebisha voltu na chipu ya USB havilali, kwa hiyo betri ya miliampea-saa 2,000 inaisha ndani ya saa 40 hivi. Chomoa ATmega328P uiweke peke yake kwenye bredbodi (bodi ya matundu ya kuunganishia bila kuchomelea), na kristali ya megahezi 16, kapasita mbili za pikofaradi 22 kutoka kila mguu wa kristali kwenda GND, na rezista ya kiloomu 10 kuvuta mguu wa riseti juu. Ukiilaza kabisa hapo, mlinzi ukamzima na kichunguzi cha voltu kushuka (BOD) ukakizima pia, inakula kama maikroampea 1 au chini yake. Ila LDR na ile kiloomu 10 zinavuta umeme muda wote, kwa hiyo usiziunge kwenye 5V, ziunge kwenye mguu mmoja wa chipu uuwashe pale tu unapotaka kusoma, halafu uuzime.